Mwezi Tunaugombania, Vipofu Tunawapa Shilingi

Bismillahir Rahmanir Rahiim

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetupa masikio, macho na nyoyo, kisha akatutahadharisha kwamba kila kimojawapo kitaulizwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, hakuna mwaka unaopita bila ya sisi kugombana juu ya mwezi. Tumeuandikia makala, tumeuhutubia mimbarini, tumeurekodia kanda, na siku hizi tunarushiana maneno juu yake kwa simu usiku kucha: uonekane wapi, uonwe na nani, ushahidi wa mtu mmoja unatosha au hautoshi. Hatusemi kwamba suala hilo ni dogo. Ni suala la ibada na lina hukumu zake. Lakini tunauliza: katika siku zile zile tunapopanda mapaani kuutafuta mwezi kwa macho yetu, ni wangapi walioketi kwenye ngazi za misikiti yetu ambao hawauoni hata mkono wao wenyewe? Na miongoni mwao ni wangapi ambao upofu wao ungeondoka kwa idhini ya Allah, lau tungewajali robo ya tunavyoujali mwandamo?

Tutaanza na aibu yetu wenyewe, ili asije mtu akasema kwamba tunawanyooshea wengine kidole.

MIAKA TISA MLANGONI

Katika msikiti tunaosali sisi tunaoandika haya, alikuwapo mzee mmoja, mkimbizi kutoka Kismayu, aliyevuka mpaka na watoto wake vita vilipoanza Somalia mwaka 1991. Aliishi kambini miaka mingi, kisha akaja mjini kwa jamaa zake. Kuanzia mwaka 2014 alikuwa akiketi mlangoni kila Ijumaa, mkono ukiwa umeshika fimbo, na ncha ya pili ya fimbo hiyo ikiwa imeshikwa na mjukuu wake wa kike. Sote tulimfahamu. Tulimwita "mzee kipofu", tukampa noti ya shilingi hamsini au sarafu zilizobaki mfukoni, tukaondoka tukiwa na nyoyo nyepesi, tukidhani kwamba haki yake tumeitimiza.

Mwaka 2023 alipita msafiri mmoja kusali Ijumaa pale kwetu. Mtu huyo ni muuguzi wa macho. Hakutoa sarafu. Alichuchumaa mbele ya mzee, akamuomba ruhusa, akamulika macho yake kwa taa ya simu, kisha akatugeukia akauliza: "Huyu ameshaonwa na daktari?" Hakuna aliyemjibu. Akasema kwamba mboni zote mbili zilikuwa nyeupe kwa mtoto wa jicho, na kwamba maradhi hayo hutibika.

Tulimpeleka katika hospitali ya misheni. Jicho la kulia lilipasuliwa, na kesho yake bendeji ilipofunguliwa mzee alimtazama mjukuu wake, akasema hakujua kwamba amekuwa mtu mzima. Jicho la kushoto halikuwa na tiba tena. Daktari alitueleza kwamba mtoto wa jicho alikuwa amekomaa kupita kiasi, akapandisha presha ndani ya jicho, na mshipa wa kuonea ukafa. Kama angaliletwa mapema, alisema, huenda yote mawili yangalipona.

Ndugu zetu, hesabuni nasi. Miaka tisa ni zaidi ya Ijumaa mia nne na hamsini. Kila Ijumaa tulipita mbele ya mtu yule, tukiwa na wafanyabiashara, walimu na mashekhe miongoni mwetu, na hakuna aliyeinama kumtazama usoni. Sadaka yetu haikumtoa mlangoni, ilimlipa akae. Jicho lake moja limekufa tukiwa tunalipita. Na yule binti aliyeshika fimbo alikuja akiwa na umri wa miaka sita na akaondoka akiwa na kumi na mitano, bila kuingia darasani hata siku moja. Huo ni upofu wa pili, nao hautibiwi kwa lenzi.

UPOFU UNAOTIBIKA

Wengi wetu tunadhani kwamba kipofu ni kipofu, na kwamba jambo hilo limeshapita. Sivyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani juu ya uoni, iliyotolewa mwaka 2019, inakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa bilioni moja kati yao upungufu huo ungeweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Hawa hawakukosa dawa kwa kuwa dawa haipo. Wamekosa nauli, wamekosa habari, wamekosa mtu wa kuwashika mkono.

Mtoto wa jicho ndiye wa kwanza kwa kupofusha. Lenzi iliyomo ndani ya jicho huingia ukungu kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu ya uzee, hata mwanga usipite. Tiba yake ni upasuaji: sindano ya ganzi, tundu dogo, lenzi iliyochafuka inatolewa na lenzi ya bandia inawekwa mahali pake. Mkononi mwa mtaalamu, kazi hiyo huweza kumalizika kwa muda usiofika nusu saa, na mara nyingi mgonjwa hurudi kwake siku ile ile au ya pili yake, na matone ya kutia kwa wiki kadhaa.

Kuna vikope, ambavyo wataalamu huviita trakoma. Ni maradhi ya kuambukiza, huenea kwa mikono, vitambaa na nzi, na hushika zaidi pale ambapo maji ni haba na nyuso za watoto hazioshwi. Yakirudia rudia, kope hugeukia ndani, zikawa zinaukwaruza uso wa jicho kila mtu anapopepesa, mpaka uone giza. Turkana ni miongoni mwa maeneo yaliyoteseka kwa maradhi haya, na huko ndiko iliko kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992.

Kuna presha ya macho, ambayo huiba uoni kimya kimya. Uoni ulioibwa haurudi, lakini uliobaki unaweza kulindwa ikiwa mtu atapimwa mapema. Na kuna jambo jepesi kuliko yote, nalo ni miwani. Tunawajua watoto wa madrasa waliochapwa viboko kwa kushindwa kusoma ubaoni, wakaitwa wazito wa kichwa, wakahama madrasa na dini wakaiona ni fimbo. Na kosa lao lilikuwa kwamba hawauoni ubao. Mwalimu, kabla hujainua mkono, je, umewahi kumuuliza mtoto unaona nini?

Tusisahau pia wanawake. Katika nchi nyingi wao ndio wengi zaidi miongoni mwa vipofu, na wao ndio wanaochelewa kufikishwa hospitali. Bibi anaambiwa asubiri, kwa kuwa nauli ipo ya mtu mmoja tu. Anaambiwa hana kazi inayotaka macho. Anakosa wa kumsindikiza. Na yule anayemzuia humsikia akikariri kwamba Pepo iko chini ya nyayo za mama.

SUBIRA ISIYO YETU

Watatujibu wengine kwamba upofu ni mtihani, na kwamba mwenye kusubiri amebashiriwa Pepo. Tunasema: hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), nasi tunaiamini. Lakini ni bishara aliyopewa aliyepatwa na mtihani. Haikuwa ruhusa kwa jirani yake mwenye macho kukunja mikono. Subira ya mtu mwingine haiwi ibada yako wewe.

Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute tiba, aliwaamrisha wajitibu, na akawaeleza kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.). Na siku ya Khaybar, Ali (R.A.) alikuwa anaumwa macho. Mtume (S.A.W.) hakumwambia akae nyuma asubiri malipo. Alimwita, akamtibu kwa mate yake na kwa dua, akapona, kisha akamkabidhi bendera. Basi huo ndio mwendo wa Sunna: jicho linaponywa, na mwenye jicho anapewa kazi.

Kwa upande mwingine wako wanaowapeleka wazee wetu kwa waganga. Hutiwa machoni maji ya majani, unga na vitu tusivyopenda kuvitaja, mpaka jicho lililokuwa na ukungu likaoza. Kisomo cha Qur'ani ni rehema na hatukipingi. Mgonjwa asomewe, na apelekwe hospitali. Tunalolipinga ni mtu kumla masikini pesa zake mpaka wakati wa tiba upite. Vivyo hivyo tunawaonya wanaonunua matone dukani bila ya kupimwa, maana yapo yanayotuliza wekundu leo na kupandisha presha ya jicho kesho.

Nao wale wasioweza kupona, ambao Allah amewakadiria hivyo, wana haki zaidi ya sarafu. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu. Kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo wa Sura Abasa, Mtume (S.A.W.) akilaumiwa na Mola wake kwa kukunja uso. Kisha kipofu huyo akawa muadhini wa Madina, na akaachiwa mji ausimamie Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda vitani. Sisi vipofu wetu tumewaachia mji gani, isipokuwa ngazi za msikiti?

TULIUSAHAU URITHI

Inasikitisha zaidi kwa kuwa elimu hii haikuwa ngeni kwetu. Ali bin Isa wa Baghdad, aliyejulikana kwa lakabu ya al-Kahhal, yaani tabibu wa macho, aliandika kitabu juu ya maradhi ya macho kilichotumiwa kwa karne nyingi. Ammar wa Mosul, aliyefanya kazi Misri takriban miaka elfu moja iliyopita, alieleza namna ya kumfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika Kitab al-Manazir, akabainisha jinsi mwanga unavyoingia jichoni. Na huko Cairo, katika miaka ya 1284 na 1285, Sultani Qalawun alijenga hospitali, akaiwekea wakfu wa kuiendesha, na ndani yake mlikuwa na mahali pa wagonjwa wa macho. Aliyeingia hakuulizwa ana nini mfukoni.

Leo tukijisifu kwa majina haya mimbarini huwa tunapiga takbira. Lakini wakfu zetu ziko wapi? Zipo. Ni maduka yaliyokodishwa kwa kodi ya miaka ishirini iliyopita, ni nyumba ambazo hesabu zake haziulizwi. Na zile pesa zinazopatikana zimegeuka kuwa marumaru juu ya marumaru, zulia jipya juu ya zulia lisilochakaa, kuba la pili na mnara unaoshindana na mnara wa mtaa wa jirani. Kuujenga msikiti ni jambo tukufu. Kuupamba ili tujifakharishe ni jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilitahadharisha. Mzee wa Kismayu alikaa miaka tisa juu ya ngazi tulizozibadilishia marumaru mara mbili.

WAKIMBIZI NI WA NANI?

Tumesikia pia maneno haya, na tumeyasikia ndani ya misikiti: "Tuanze na watu wetu. Wakimbizi wana Umoja wa Mataifa." Maneno haya tunayakataa kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba huo Umoja wa Mataifa hauna mfuko usiokauka. Kambi za Dadaab zilizofunguliwa kuanzia mwaka 1991 zilikusudiwa watu 90,000, na mwaka wa ukame wa 2011 zilibeba zaidi ya 400,000. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake ya nje, mashirika yalipunguza hata chakula. Chakula kikipunguzwa, mtoto wa jicho atakumbukwa na nani? Daktari wa kambi ana kipindupindu, ana watoto wenye utapiamlo, ana wajawazito. Bibi asiyeona hafi leo. Kwa hiyo anawekwa kesho, na kesho hiyo haifiki. Na akiandikiwa kwenda kutibiwa mjini, mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka kambini, nauli, msindikizaji, na mahali pa kulala. Hivyo vyote si kazi ya daktari. Ni kazi ambayo msikiti wowote wa mjini unaiweza.

Ya pili ni kwamba Uislamu wenyewe umejengwa na Muhajirina na Ansari. Allah (S.W.) amewasifu Ansari katika Sura Al-Hashr kwa kuwatanguliza wageni wao ingawa wao wenyewe walikuwa wahitaji. Hakuwasifu kwa kusema "tuanze na watu wetu". Kila mwaka wa Hijria ukiingia tunafanya mihadhara juu ya Hijra, na waliohama wako kwetu, wanapapasa ukuta kuutafuta mlango wa choo.

Wala hatusemi kwamba wenyeji waachwe. Mturkana wa nje ya kambi hana hali bora kuliko mkimbizi wa ndani, na jicho halina pasipoti. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura At-Tawba, na fakiri wa Kiislamu anayehitaji tiba ni miongoni mwao bila shaka. Kwa asiyekuwa Mwislamu, mlango wa sadaka na wakfu uko wazi, na Sura Al-Mumtahina imetufundisha kuwafanyia wema wasiotupiga vita. Mgonjwa asiulizwe shahada kabla ya kupimwa.

TUACHE KUWALAUMU WAMISHENI

Kuna kilio tunachokisikia kila siku: wamisheni wanawavuta watu wetu kwa hospitali. Nasi tunauliza kwa uwazi: yule mzee tungempeleka wapi? Waliojenga chumba cha upasuaji, wakanunua darubini, wakasomesha wauguzi na kukesha na wagonjwa wetu, tuwalaumu kwa kufanya tuliyoamrishwa sisi? Aliyemtibu mzee wetu hakumtaka abadili dini. Alimtaka asisahau matone. Mwenye wivu na ajenge.

Lakini ujenzi si bango. Tumeona kambi za macho za siku moja: gari linakuja, bango linatundikwa, wageni wa heshima wanahutubia mpaka adhuhuri, wazee wanapangwa juani ili wapigwe picha, wanagawiwa miwani ya mitumba bila ya kupimwa, kisha gari linaondoka. Aliyekutwa na mtoto wa jicho anaandikwa kwenye karatasi, na karatasi inabaki na mwenye bango. Aliyepasuliwa hana wa kumtazama jicho likianza kuuma usiku wa tatu. Mwenyezi Mungu ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Kumpiga picha bibi wa watu akiwa na usaha jichoni na kuitangaza kwenye kalenda ya taasisi, kama hayo si maudhi, basi maudhi ni nini?

LA KUFANYWA

Hatuandiki ili kulaumu na kuketi. Tunazitaka kamati za misikiti zianze na haya, na hakuna hata moja lililo juu ya uwezo wao.

Kwanza, sanduku la Ijumaa moja katika kila mwezi liwe la macho, na hesabu yake isomwe hadharani Ijumaa inayofuata: zimepatikana kiasi gani, wametibiwa wangapi.

Pili, kila msikiti umwombe mtaalamu wa macho wa hospitali ya karibu aje mara moja kwa miezi mitatu kupima watu baada ya Alasiri, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Waanze na walioketi mlangoni. Kisha wapimwe watoto wote wa madrasa.

Tatu, yafanyike makubaliano na hospitali yoyote iliyo hodari, iwe ya serikali, ya Waislamu au ya misheni. Msikiti ubebe gharama ya upasuaji, nauli, msindikizaji na matone, na vijana wawili wakabidhiwe kumrudisha mgonjwa kwa daktari siku aliyoambiwa.

Nne, kila wilaya isomeshe kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Hapa Kenya matabibu huweza kusomea utaalamu wa macho, hata upasuaji wa mtoto wa jicho, katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC. Kijana mmoja aliyesomeshwa na akarudi Garissa au Dadaab atafanya katika mwaka mmoja yale ambayo mabango ya miaka kumi hayakufanya.

Tano, misikiti ya Garissa, Lamu, Mombasa na Nairobi itenge nyumba au chumba cha kuwapokea wakimbizi wanaokuja kutibiwa. Na yeyote mwenye duka la wakfu lililokodishwa kwa bei ya zamani amche Allah, aipandishe kodi, ziada iende huko.

Sita, binti au kijana aliyekuwa akimwongoza mgonjwa arudishwe shule, na ada yake ihesabiwe kuwa ni sehemu ya tiba.

Ndugu Waislamu, mzee wetu sasa huja msikitini bila ya fimbo. Anaketi safu ya pili, na anasoma msahafu wa maandishi makubwa kwa jicho moja. Hatusalimii kwa ubaridi, wala hajapata kutulaumu. Sisi ndio tunaoshindwa kumtazama. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia tena tutapanda mapaani, na tutabishana kama kawaida yetu. Kabla hujapanda, shuka kwanza mpaka kwenye ngazi, uchuchumae, umtazame machoni yule unayempa shilingi kila Ijumaa, na umuulize: umeshaonwa na daktari?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarudishe wakimbizi makwao kwa amani, na asitufufue tukiwa vipofu ilhali duniani alitupa macho.

Wabillahi tawfiq.